Giaboksi ya Ray

Mtaa mzima ulimsifu Leonard Pruchnik, na hakuna sifa hata moja iliyompendeza. Kwa miaka thelathini na sita, kila theluji ilipoanguka mjini Wyandotte, yeye ndiye aliyefika wa kwanza na sepetu lake nyumbani kwa shemeji yake Wanda, akasafisha njia kutoka mlangoni hadi barabarani kabla hajaigusa ya kwake. Alimtengenezea boila, akamzibia paa, akampeleka kanisani na sokoni, kwa sababu Wanda hakushika tena usukani tangu mumewe Ray alipofariki. Akina mama wa parokia walisema ndugu wa namna hiyo hawazaliwi siku hizi. Wenye midomo yao walisema anamnyemelea mjane. Leonard aliwaacha waseme, maana ukweli ulikuwa mbaya kuliko umbeya wao.

Alikuwa fundi wa giaboksi za otomatiki. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye gereji moja ya Fort Street, mikono imezama kwenye mafuta mekundu, na hata baada ya kustaafu watu walimfuata nyumbani. Alikuwa anachovya kidole, ananusa, anakwambia gari lako lina wiki ngapi kabla halijakuaibisha. Nyaya alizifunga kwa uzi wa nta, mafundo matatu, kama alivyofundishwa na mjomba wake aliyekuwa fundi simu. Hakuna mwingine pale aliyejisumbua hivyo. Wenzake walikuwa na utepe wa gundi na haraka. "Lenny anafunga waya kama anashona suruali ya askofu," walimcheka. Ukiona mafundo matatu ya nta popote kwenye gari, ulijua ni mkono wake.

Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni mlio wa stata, ile mota inayoamsha injini. Stata ikilia mahali popote, hata kwenye maegesho ya duka la dawa, alimsikia kaka yake Ray upande wa kushoto akisema, "Washa." Si kwamba alimkumbuka. Alimsikia, kwa sauti ileile ya mtu mwenye haraka na mwenye njaa. Kila mara aligeuka, na kila mara aliona haya kwa kugeuka.

Mambo yalikuwa hivi. Ray alikuwa na Pontiac GTO ya mwaka 1969, ya kijani, injini kubwa kupita mahitaji ya mtu yeyote mwenye akili timamu. Jumamosi moja ya Septemba 1986 alitaka kuipeleka kwenye mashindano ya robo maili, na asubuhi hiyo gari likagoma kuwaka. Leonard alitafuta ugonjwa akaupata: swichi ndogo chini ya mkono wa gia, ile inayozuia stata isizunguke mpaka mkono uwe kwenye P, ya kuegesha, au N, ya gia huru. Swichi ilikuwa imekufa na dukani hakukuwa na nyingine. Akafanya walichofanya vijana wote wa mbio siku zile. Alichukua kipande cha waya wa zambarau, akaunganisha huku na kule, akairuka swichi. Tangu hapo gari lingeweza kuwaka hata likiwa kwenye gia.

"Jumatatu nakuwekea mpya," alimwambia Ray.

Jumatatu ilipita. Swichi mpya ilifika, ikakaa kwenye kijisanduku chake ndani ya droo ya Leonard. Jumatatu ya pili ikapita nayo, na ya tatu.

Alhamisi moja ya Oktoba, Ray alikuwa amesimama gerejini nyuma ya nyumba yake, kati ya bampa na meza ya kazi, boneti iko juu, anarekebisha kabureta. Wanda alikuja kumwita chakula. Ray akamwambia, hebu washa kwanza. Wanda hakuingia ndani ya gari. Aliinama kupitia dirishani na kugeuza ufunguo. Mkono wa gia ulikuwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, pale Ray mwenyewe alipouacha alipokuwa akiukagua. Gari liliruka.

Askari aliyefika aliandika kwamba gari liliwaka kwenye P kama kawaida, kisha kiwiko cha mke wa marehemu kikausukuma mkono wa gia. Hakuwa fundi, hakujua. Leonard alikuwa fundi, na alijua kwamba mkono ule hautoki kwenye P mpaka ubonyeze kitufe, na kiwiko hakibonyezi kitufe. Alisimama pale akiwa na shuka ya kumfunika kaka yake mkononi, akamsikiliza askari mpaka mwisho, akanyamaza. Alijiambia atasema baada ya mazishi. Kisha akajiambia baada ya Krismasi. Kisha pakawa hapana siku tena ya kulisema jambo hilo, na akanunua sepetu jipya la theluji.

Tangu siku ile Wanda hakukiegemeza kiwiko chake cha kulia popote. Mezani alikibana ubavuni, kanisani hivyohivyo, na mikono yote miwili ikiwa mizima alijifunza kupakua chakula kwa kushoto. Leonard alikiona kiwiko hicho kila Jumapili, upande wa pili wa sahani ya viazi.

Sasa ilikuwa mwezi wa tatu, wiki ya pili ya Kwaresima, na simu ikaita. Alikuwa Denise, mtoto wa pekee wa Ray, mwenye miaka arobaini na mitatu, dereva wa basi la shule na mdomo wa kulisimamia basi hilo.

"Ba'mdogo, kaa chini kwanza. Nimeondoa turubai."

"Turubai gani?"

"Unajifanya hujui. La gari la baba. Mama amekubali. Nalifufua, na fundi wangu ni wewe, na usinikatalie, maana hao wengine wananiona zuzu."

Leonard alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Alilirudisha kwenye sahani. Alitaka kusema mgongo unamuuma, na kweli ulikuwa unamuuma, lakini akasikia mdomo wake ukisema atakuja kesho.

Gereji ilinuka panya na mafuta yaliyolala. Ule ubao wa mbele wa meza ya kazi ulikuwa bado umepasuka katikati, hakuna aliyeubadilisha. Denise alikuwa ameshalipandisha gari kwenye stendi na kuwasha taa tatu, na alikuwa na furaha ambayo Leonard hakuweza kuitazama kwa muda mrefu.

"Yule wa duka la vipuri kaniambia niweke gia za mkono," alisema Denise. "Eti gari kama hili bila klachi ni gari la bibi harusi. Nikamwonyesha goti langu la chuma, nikamwambia haya, njoo basi uwe unanikanyagia wewe."

Leonard alicheka bila kupenda. "Otomatiki. Lilizaliwa otomatiki."

"Otomatiki ipi sasa? Nimesoma mpaka macho yanatoa machozi. Kuna hii yake ya gia tatu. Kuna ile ya gia mbili ya watu wa mbio..."

"Hiyo isahau. Taa ikiwaka kijani utaondoka wa mwisho, kwenye barabara kuu utakuwa kiziwi."

"Na kuna ya gia nne."

"Weka ya gia nne," Leonard alisema, haraka mno.

Akaanza kueleza, na kwa kuwa kazi aliijua alieleza vizuri. Hii ya zamani ni chuma cha kweli, haivunjiki, lakini ukienda maili sabini kwa saa injini inapiga kelele kana kwamba umeikosea. Ya gia nne inaipumzisha, inakunywa mafuta kwa adabu. Shafti itabidi ikatwe kidogo, na kuna kebo moja inayotoka kwenye kabureta ambayo usipoirekebisha sawasawa giaboksi inaungua ndani ya mwezi, ila hiyo niachie mimi. Yote yalikuwa kweli. Asichosema ni kwamba ya gia nne ingetaka mkono mpya wa gia na nyaya mpya, kwa hiyo sanduku lote la katikati ya viti lingeng'olewa na kutupwa, na wa kuling'oa angekuwa yeye.

Denise alikuwa amelala chini ya gari na tochi. "Njoo uone. Hii namba iliyogongwa kwenye giaboksi ndiyo namba ya gari. Vilizaliwa siku moja. Nikiitoa, si ni gari la mtu mwingine?"

"Namba haiendeshi gari."

"Ba'mdogo! Wewe ndiye wa kusema hivyo? Wewe uliyemnunia mwenzako Eddie mwaka mzima kwa sababu kauza giaboksi ya Camaro yake?"

Kwa watu kama Leonard, kutenganisha gari na giaboksi yenye namba yake ni kosa unalolitaja kwa sauti ya chini, na Denise alilijua hilo kutoka kwake mwenyewe.

"Halafu kuna jambo lingine," Denise alisema, akitoka chini na vumbi kwenye nywele. Sauti yake ilikuwa imetulia. "Mama amesema atapanda. Nimpeleke kaburini kwa baba kwa gari hili. Lakini ana sharti, lisiweze kuwaka likiwa kwenye gia, wala lisiweze kuingia gia kwa kuguswa tu. Anakiogopa kiwiko chake mpaka leo, maskini. Nimesoma kuna swichi inayozuia kuwaka. Hata hili la zamani si linayo?"

"Magari yote yanayo," Leonard alisema.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema kwa sauti. Ule mwingine alikuwa ameusema kwa kunyamaza.

Saa nane Denise aliondoka kwenda kuchukua watoto wa shule. Leonard alibaki peke yake na gari. Alifungua mlango, akapiga magoti, akatoa skrubu nne na kuinua kifuniko kilichozunguka mkono wa gia. Waya wa zambarau ulikuwa pale. Mafundo matatu ya uzi, nta bado nyeupe, safi kana kwamba aliyafunga asubuhi ileile. Alikuwa amelifunga vizuri kosa lake kuliko vitu vingine vyote chini ya kifuniko kile.

"Washa," alisema Ray.

Gari halikuwa na betri, wala hakuna stata iliyolia mtaa mzima. Leonard hakugeuka safari hii, kwa sababu aliogopa kwamba angemwona. Alikuwa na koleo mkononi, na alijua kinachohitajika ni sekunde mbili: kata, tia mfukoni, sema swichi iliharibika kwa uzee. Nani angejua? Denise angepata gari lake, na Wanda angeendelea kubana kiwiko mpaka siku ya kuzikwa, na hata kwenye jeneza wangemlaza hivyohivyo.

Alikata. Akautia waya mfukoni pamoja na mafundo yake, akarudisha kifuniko. Sasa hakukuwa na ushahidi mahali popote duniani isipokuwa mfukoni mwake. Alikwenda nyumbani akalala na viatu miguuni, mchana kweupe.

Ijumaa alikwenda kwenye mlo wa samaki wa parokia kama kila Ijumaa ya Kwaresima. Wanda alikuwa nyuma ya meza ndefu na aproni yake, anapakua pierogi, vitumbua vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, kwa mkono wa kushoto.

"Shemeji, mbona unamtazama samaki kana kwamba anakudai?" Wanda alimwambia alipopita kukusanya sahani. "Kula, umebaki koti tu."

"Nikupeleke nyumbani leo?"

"Lini hukunipeleka?"

Jikoni kwake Wanda aliweka birika motoni, na Leonard akaweka waya juu ya kitambaa cha meza. Alisema yote akiwa amesimama na kofia mkononi: swichi iliyokufa, Jumamosi ya mbio, Jumatatu tatu, kijisanduku kwenye droo. Hakulia. Alijiona hana haki ya kulia pale.

Wanda hakuelewa kwanza. "Rudia."

Akarudia.

"Rudia tena. Polepole."

"Gari liliwaka likiwa tayari kwenye gia, Wanda. Ray aliliacha hivyo. Swichi ingelizuia, na mimi niliiruka swichi. Kiwiko chako hakikufanya kitu. Hakingeweza, hata ungetaka."

"Sikugusa."

"Hukugusa."

"Miaka yote najiuliza mbona sikumbuki kugusa." Wanda aliuchukua waya, akaugeuza, akayatazama mafundo. Na yeye aliyajua. "Ulijua lini?"

"Siku ileile. Askari alipokuwa anaandika."

Birika lilianza kulia na hakuna aliyelizima. Wanda alikaa. "Denise alikuwa na miaka saba," alisema. "Nilimwita chumbani nikamwambia mimi ndiye niliyemuua baba yake, kwa bahati mbaya, nisamehe. Nilimwambia mwenyewe ili asije akayasikia shuleni. Mtoto wa miaka saba, Lenny. Akanipapasa kichwa."

Leonard alitaka sakafu ifunguke.

"Na theluji yote ile," Wanda alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuombea. Nilikuwa namwambia Mungu, huyu shemeji yangu umlipe, mimi sina cha kumlipa." Aliinuka, akazima jiko, na birika likanyamaza. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa mtu ambaye Leonard hakuwahi kukutana naye. "Denise anasema unataka kuweka giaboksi nyingine. Sitaki nyingine. Nataka ileile. Na hiyo swichi uliyoificha kwenye droo uiweke, kisha mniite nijaribu mimi. Sasa toka nyumbani kwangu."

Leonard alifanya kazi hiyo kwa wiki sita, na hakuwahi kufanya kazi safi zaidi. Aliishusha giaboksi, akaifungua kwenye meza yenye ubao uliopasuka, akaosha kila kipande, akaweka visahani vipya vya msuguano na sili mpya, na namba iliyogongwa akaipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe. Denise alikuwepo jioni zote. Alimpa spana aliyoihitaji kabla hajaiomba, maana alifundishwa na yeye. Tangu mama yake alipomweleza yote, hakumwita ba'mdogo, wala jina jingine lolote. Siku moja tu alimuuliza, bila kumtazama, "Ulikuwa unafikiria nini ulipokuwa unakula nasi?" na Leonard akasema, "Nilikuwa nafikiria kile kiwiko," na Denise akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Swichi aliiweka mwisho. Kijisanduku kilikuwa kimegeuka rangi lakini yenyewe ilikuwa nzima. Aliijaribu mara hamsini kwa taa ya kupimia. Nyaya hakuzifunga kwa uzi wa nta. Alitumia utepe wa gundi, kama wengine.

Wanda alikuja Jumamosi ya Mei, saa sita mchana, amevaa viatu vya kanisani. Alipita kwenye mlango wa gereji bila kusimama, ingawa hakuwa ameuvuka tangu mwaka 1986, akaketi kwenye kiti cha dereva na kufunga mlango. Boneti ilikuwa chini. Yeye na Leonard walitazamana kupitia kioo.

"Simama pale," Wanda alimwambia Leonard.

Hakuhitaji kuuliza ni wapi.

"Mama!" Denise alisema. "Mama, hapana. Usifanye hivyo."

"Nyamaza, Denise. Ama fundi anaiamini kazi yake, ama haiamini."

Leonard alikwenda akasimama kati ya bampa na meza. Ubao uliopasuka ulimgusa mgongoni, na bampa ilikuwa shubiri mbili tu kutoka miguuni. Akaelewa kwa mara ya kwanza jinsi nafasi ile ilivyokuwa ndogo, na kwamba Ray hakuwa na pa kwenda. Aliogopa sana. Alimwona Wanda akibonyeza kitufe na kuuvuta mkono wa gia mpaka kwenye D, kwa mkono wa kulia, kisha akashika ufunguo na kungoja.

Leonard naye alingoja ile sauti ya upande wa kushoto. Haikuja. Denise alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, Wanda alikuwa bado anamtazama, na hakukuwa na mtu mwingine wa kulisema neno lile.

"Washa," Leonard alisema.

Wanda aligeuza ufunguo. Kimya. Hata kijimlio hakikutoka. Aligeuza tena, kisha tena, kwa nguvu, kama anayemtikisa mtu aamke, na gari halikufanya lolote. Akauachia ufunguo. Kiwiko chake cha kulia kilitoka ubavuni taratibu, kikashuka juu ya sanduku la katikati ya viti, kando ya mkono wa gia, kikakaa hapo. Akalia kwa sauti, na Denise akaingia upande wa pili akamkumbatia.

Baadaye Wanda alijifuta uso kwa kiganja. "Toka hapo, Leonard," alisema. Siku zote alikuwa akimwita shemeji, au Lenny.

Alitoka, akasimama ukutani. Wanda alirudisha mkono wa gia kwenye P, akageuza ufunguo, na stata ikalia.

"Washa," alisema Ray, upande wa kushoto, na Leonard akageuka. Hakukuwa na mtu. Aliporudisha macho, Wanda alikuwa anaangalia nyuma, dirisha liko wazi, kiwiko cha kulia kimeegemea, analitoa gari nje taratibu kwenda makaburini. Hakuna aliyemwambia apande. Leonard alifunga mlango wa gereji.